Seli Nyekundu Haina Kiini

Kwa mwanangu Gaudensia,

Nakuandikia ukiwa umetoka na mama yako kwenda Bombambili kwa fundi, kuchukua koti lako jeupe la maabara. Begi lako liko hapa mlangoni, limeshafungwa, na juu yake kuna blanketi ambalo mama yako amelikunja mara tatu tangu asubuhi. Ni saa tisa na nusu mchana. Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya. Kuna jambo nilipaswa kukuambia siku nyingi zilizopita, na kila siku nilipata sababu ya kuliahirisha. Leo sababu zimeniishia.

Mambo ya kula vizuri, kutunza vyeti na kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema na sina la kuongeza. Ninaloandika hapa ni lile ambalo yeye hakuweza kukuambia kwa sababu si lake. Ni langu. Naomba usiifungue barua hii stendi. Ifungue mkishapita Madaba, nikiwa mbali na macho yako.

Wiki za mwanzo chuoni watawafundisha seli. Utaona unaijua, maana kabla hujajua kusoma ulikuwa unakaa chini ya meza hii ninapoandaa masomo, unataja utando, saitoplazimu, kiini, mitokondria, kama mtoto wa mfugaji anavyotaja majina ya mbuzi wa nyumbani. Nilikuwa nikiwaita wageni waje wakusikie. Na shuleni sifa yangu ilikuwa hiyo hiyo. Mwalimu gani anachora seli ubaoni kama yule? Utando kwa chaki ya bluu, kiini kwa chaki nyekundu, ribosomu nukta nukta za njano. Wakaguzi walinisifu. Wanafunzi walinakili mchoro, wakakariri majina kwa Kiingereza, wakafanya mtihani, wakasahau.

Nikuambie kitu ambacho hata walimu wenzangu hawakijui. Shule yetu ilikuwa na hadubini moja, nzuri, na ufunguo wa kabati lake nilikaa nao mimi kwa miaka kumi na moja. Niliogopa wataivunja. Watoto mia kadhaa wamemaliza kidato cha nne mbele yangu bila kuiona seli hata mara moja. Walichoona ni yai la kukaanga nililolichora ubaoni. Siku moja likizoni, nikiwa peke yangu, nilikwangua ndani ya shavu langu kwa kijiti, nikaweka kwenye kioo, nikatia tone la rangi, nikatazama. Hazikufanana na mchoro wangu. Zilikuwa zimelaliana, nyingine zimekunjika, kila moja na kiini chake kama mbegu ndani ya tunda lililokauka. Nilisisimka mwili mzima. Halafu nikaifuta hadubini, nikairudisha kabatini, nikafunga. Sikumwita mtu.

Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Kitu cha kweli nikikiona, nakifungia.

Baada ya seli watakuja kwenye damu. Na wanafunzi wa maabara hujifunza kwa kuchomana vidole wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo siku moja mtapima hemoglobini zenu. Hemoglobini ndiyo ile inayobeba hewa safi na kuipa damu wekundu wake. Huenda karatasi yako ikaonyesha herufi mbili, A na S. Sitaki uzione herufi hizo mbele ya wenzako ukiwa hujui zimetoka wapi.

Kaka yako hakufa kwa homa. Homa lilikuwa neno tulilokupa, na mimi ndiye niliyelichagua. Alikuwa na selimundu, ile ambayo watu hapa Songea wanaiita sikoseli.

Alipokaribia mwaka mmoja vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia akiguswa. Baadaye yakaja maumivu ya mifupa, macho kuwa ya njano, damu kupungua. Bibi yako, mama yangu, alikuwa anakaa kwetu wakati huo. Yeye tangu mwanzo hakufurahi nilipooa Mmatengo kutoka Mbinga, na mtoto alipoanza kuugua akapata neno la kusema. Alisema kwa Kingoni, jikoni, mama yako akisikia, kwamba ukoo wetu haujawahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, na kwamba damu mbovu imeletwa.

Mama yako ndiye aliyempeleka kaka yako hospitali hadi ugonjwa ukapata jina. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Daktari akampima na mama yako pia, akakuta amebeba kosa moja la ugonjwa huo, ingawa yeye haugui. Akamwambia amlete baba wa mtoto naye apimwe.

Nilikwenda peke yangu, siku ya kazi, nikaaga shuleni kwamba jino linaniuma. Majibu yalipotoka yule mtaalamu wa maabara alinipa karatasi na kusema, "Mwalimu, wewe unajua kusoma hizi kuliko mimi." Nilijua. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo wiki mbili nyuma. Maagizo ya kutengeneza hemoglobini yamo ndani ya kiini, na yamo mawili mawili, moja la baba na moja la mama. Mtu mwenye zuri moja na lenye kosa moja anaishi vizuri tu, na anaweza asijue mpaka kufa kwake. Mtoto akipokea lenye kosa kutoka pande zote mbili, seli zake nyekundu zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, zinakufa kabla ya wakati wake. Kaka yako alikuwa na mawili. Moja lilitoka kwangu. Halikuwa na mahali pengine pa kutoka.

Niliikunja karatasi ile nikaiweka ndani ya kitabu cha Bayolojia, mahali ambapo mama yako hangefungua.

Aliniuliza jioni ile ile, akiwa anachambua maharage. "Umepimwa?"

Nikasema, "Nimepimwa. Mimi sina."

Alinitazama. Akasema daktari alimweleza kwamba lazima itoke kwa wote wawili.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalolionea aibu kuliko yote maishani. Sikunyamaza tu. Nilichukua kalamu. Nilimchorea seli, kiini, jozi za kromosomu, mishale, nikamweleza kwa sauti ya darasani kwamba wakati mwingine kosa la upande mmoja linatosha, kwamba madaktari wa huku hawana muda wa kusoma vitabu vipya. Mama yako aliishia darasa la saba. Mimi nilikuwa Mwalimu. Alifuata kalamu yangu kwa macho mpaka mwisho wa mshale, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Aliamini. Mchoro ule ulikuwa mzuri, Gaudensia. Nilitumia ujuzi ambao serikali na wazazi wangu walinisomesha nao, nikautumia kumwekea mke wangu hatia isiyokuwa yake peke yake.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza nami. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kwa mama yangu, mwenye cheti peke yangu katika ukoo, na niliona nikisema ndiyo, hata mimi, nitashuka. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta kubwa zaidi ya hiyo, sikuipata.

Wiki hizo hizo kulikuwa na msichana kidato cha tatu anaitwa Zuhura, Myao kutoka Tunduru, aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake Bombambili ili asome. Alikuwa mkimya, mwenye daftari safi. Siku hiyo nilikuwa nafundisha seli nyekundu. Nikasema ni seli ya ajabu, kwamba ikikomaa haina kiini, imebaki kama kifuko kilichojaa hemoglobini ili ibebe hewa nyingi. Zuhura akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili:

"Mwalimu, kama seli nyekundu haina kiini, na maagizo yote yanakaa kwenye kiini, sasa sikoseli inarithiwaje?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaulizwa swali zuri kuliko lile. Mwalimu mwema angeweka chaki chini na kumshukuru. Mimi nilihisi kama ameingia nyumbani kwangu na kufungua kile kitabu. Na kulikuwa na la pili: sikuwa na jibu tayari mdomoni. Nikamwambia darasa hili haliongei Kiswahili, aulize kwa Kiingereza. Alijaribu. Alikwama kwenye neno la tatu. Wenzake wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Kisha nikamtoa nje, akasimama kando ya dirisha mpaka kipindi kikaisha.

Hakuuliza tena swali darasani kwangu. Muhula uliofuata hakurudi. Sikuuliza yuko wapi.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika. Bibi yako alikuwa hali tena chakula kilichopikwa na mama yako. Mama yako alikuwa na mimba yako, na bibi akawa anasema waziwazi kwamba huyo wa pili naye atakuja vile vile. Mimi nilikuwa nakaa katikati yao sebuleni nasahihisha madaftari. Ningeweza kumaliza kwa sentensi moja. Siku moja mama yako alikusanya nguo zake na za kaka yako, akaniambia anakwenda kujifungulia kwao Mbinga. Nilimwambia ni wazo zuri, atapumzika. Ndiyo maana umezaliwa Mbinga. Tulikuambia ni desturi mzazi kwenda kwao. Haikuwa desturi. Alikimbia, na mimi nilimfungia mizigo.

Walikaa kule miezi minane. Nilikwenda mara moja, kabla hujazaliwa. Ulipozaliwa nilituma salamu na nguo za mtoto.

Kisha baba mkwe akatuma ujumbe kwamba kaka yako amezidiwa, yuko hospitali, nije. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya mwisho wa muhula. Nilijiambia alishazidiwa mara nyingi na akapona, nimalize kwanza. Siku mbili nilikaa na karatasi zile. Baadhi zilikuwa za swali la seli: taja sehemu tano na kazi zake. Nilikuwa natoa maksi kwa kila kazi iliyotajwa sawasawa. Siku ya tatu nilipofika Mbinga watu walikuwa wanatoka makaburini, wanateremka ule mlima wenye mashamba ya ngoro, yale ya mashimo ya Wamatengo, wakiwa na majembe mabegani.

Babu yako mzaa mama alinipokea begi. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye chumba cha wanawake, akakuchukua wewe mikononi mwa mama yako, akaniwekea kifuani, akasema, "Mwalimu, huyu hapa mtoto wako mwingine. Alikuwa hajakuona."

Hivyo ndivyo tulivyoonana mara ya kwanza, mimi na wewe. Siku ya mazishi ya kaka yako. Kila mwaka unaposherehekea siku ya kuzaliwa na kuniomba nikusimulie ulivyokuwa mdogo, nimekuwa nasimulia nilivyoambiwa.

Mama yako alirudi Songea baada ya mwezi. Wazee walikaa wakazungumza, lakini sidhani alirudi kwa sababu yao. Alirudi kama mtu anayeomba msamaha. Alimsalimia bibi yako kwa magoti, akakubali kila alichoambiwa. Na aliponiambia kwamba hatazaa tena, kwamba anaogopa damu yake, nilimshika bega na kumwambia ninamwelewa. Ulikuwa unalalamika ukiwa mdogo kwamba wenzako wote wana wadogo zao. Sasa unajua. Hukupata mdogo wako kwa sababu ya mchoro.

Bibi yako alipougua mwishoni kule Matogoro kwa ndugu zangu, ulikuwa darasa la tatu, ni mama yako aliyekwenda kumwogesha na kumgeuza kitandani, wiki tano. Bibi alikufa bila kumwita kwa jina lake. Alimwita "yule wa Mbinga" mpaka mwisho. Na mimi nilikuwa nimekaa nje, kwenye benchi, nasikia.

Ningekwenda hivyo hivyo hadi kaburini kwangu. Sikuwa na mpango wa kubadilika. Kilichotokea ni kwamba mwaka jana walinipanga kusimamia mtihani wa kidato cha nne Tunduru. Siku ya pili, tukiwa tumemaliza kazi ya siku hiyo, niliingia duka moja la pembejeo karibu na soko, la kuuza salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, kutafuta kivuli na maji ya kunywa. Mwanamke wa dukani akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia marahaba, sikumjua. Akanitajia jina na mkondo aliosoma. Zuhura. Ana watoto watatu sasa, na duka ni lake na mume wake. Alinipa kiti, akaagiza maji, akaniuliza habari za Songea kwa adabu zote. Kisha kijana mrefu mwembamba akatoka stoo akiwa na kitabu cha mzigo mkononi, akanisalimia, akarudi ndani. Zuhura akasema yule ni mdogo wake Shabani, ndiye aliyemfanya aache shule, maana mama yao alikuwa peke yake na mtoto mgonjwa. Ana sikoseli. Ana miaka ishirini na saba.

Nilimuuliza wamefanyaje. Alishangaa swali langu. Alisema hawakufanya kitu cha ajabu. Walikwenda kliniki kila walipoambiwa, dawa anakunywa kila siku, anakunywa maji mengi, baridi wanamkinga, na mtaa mzima unajua, kwa hiyo akizidiwa yeyote aliye karibu anajua pa kumkimbiza. "Hatukuwa na cha kuficha, Mwalimu," alisema. Hakuwa ananisema mimi. Hakujua chochote juu yangu.

Nikamwambia ninakumbuka swali lake, na kwamba nilimkosea. Nilikuwa na maneno mengi nimeyapanga. Hakunipa nafasi. Alisogeza kiti chake akasema:

"Mimi pia nalikumbuka. Kwani jibu lake ni lipi?"

Miaka ishirini, Gaudensia, na bado alitaka jibu.

Akanipa boksi tupu la salfa na kalamu ya wino mzito. Nikachora, na kwa wino ule juu ya boksi lile mchoro ulikuwa mbaya kuliko yote niliyowahi kuchora. Nilimweleza kwa Kiswahili. Seli nyekundu haizaliwi bila kiini. Inaanzia ndani ya mifupa, kwenye uboho, na ikiwa changa ina kiini kama nyingine. Humo ndani kiini kinatoa nakala za maagizo, nakala zinatoka zinakwenda kwenye ribosomu, na ribosomu zinaunda hemoglobini kama zilivyoagizwa, hazina uwezo wa kuuliza. Seli ikishajaa, inakitoa kiini nje, kinaliwa na seli za jirani, nayo inaingia kwenye damu. Kwa hiyo aliyetoa maagizo hayupo tena. Lakini kama maagizo yalikuwa na kosa, hemoglobini yote iliyomo imeshaumbwa kwa kosa lile, na seli itaishi nalo siku zake zote.

Zuhura aliligeuza boksi upande wake. Akamwita Shabani aje aone. Akamwonyesha kwa kidole, hatua kwa hatua, bila kukosea, kama mwalimu. Kisha akaniuliza:

"Na hayo maagizo ni lazima yatoke kwa baba na mama, wote wawili?"

Nikasema, "Wote wawili."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka maneno hayo nje ya darasa. Niliyasema kwa watu wa Tunduru, ndani ya duka la salfa, wakati mtu aliyestahili kuyasikia alikuwa Songea ananitunzia nyumba.

Niliporudi nilikaa wiki nyingine nzima bila kusema. Hilo nalo ulijue, usije ukadhani nilibadilika njiani. Halafu Jumamosi moja, wewe ukiwa kwenye kwaya, nilikifungua kile kitabu, nikaitoa karatasi, nikaiweka mbele ya mama yako uani. Ilikuwa imegeuka rangi kwenye mikunjo. Nilimweleza kila kitu, na mchoro ule wa uongo, na kwamba nilijua nilipokuwa nauchora.

Hakulia. Aliisoma karatasi taratibu, kidole chini ya kila neno. Aliponyanyua uso aliniuliza jambo moja.

"Mama yako alikufa akijua?"

Nikasema hapana.

"Kwa hiyo alikufa akinichukia bure."

Akainuka, akaenda kuanua nguo, akazikunja moja moja. Kwa wiki tatu alizungumza nami mambo ya lazima tu. Ulituuliza kama tumegombana, tukasema ni uchovu. Kisha akaniambia niende Matogoro niwaambie ndugu zangu, kwa mdomo wangu, yeye akiwepo. Tulikwenda siku ile tuliyokuambia ni kikao cha shamba. Niliwaambia wote. Wadogo zangu wa kiume waliinamisha vichwa, mmoja akauliza kulikuwa na haja gani ya kufukua mambo ya zamani. Shangazi yako Kresensia, ambaye ndiye alikuwa akimsaidia bibi kusema yale maneno jikoni, alitoka mahali pake akaenda kukaa chini, kwenye mkeka wa mama yako, akamshika mguu. Mama yako alimwacha aushike.

Mimi hajanisamehe. Aliniambia wazi, bila hasira, kwamba hajui kama ataweza, na nisimuulizeulize. Simuulizi. Hilo ndilo ninaloweza kumpa.

Sasa wewe. Kwa kuwa umekua bila kuugua, hukupokea makosa mawili. Lakini kati ya watoto wasiougua wa wazazi kama sisi, mafungu mawili katika matatu wamebeba moja, ndiyo zile herufi A na S. Sijawahi kukupima. Niliogopa ukiwa nalo nawe ni mzima, mama yako atauliza imekuwaje moja litoshe kumuua kaka yako. Utajipima mwenyewe. Ukiwa nalo si ugonjwa na si aibu. Aibu katika hadithi hii ni yangu, usiibebe. Ila yule utakayetaka kuzaa naye, mwambie mapema, naye apime, mtazame karatasi mbili mezani kwa pamoja. Kama hutaki kuniambia majibu, usiniambie. Sina haki ya kuyajua kabla ya mama yako.

Na watakapofika kwenye mitokondria, zile zinazoipa seli nguvu ya kufanya kazi, sikiliza kwa makini. Mimi darasani nilikuwa nairuka sehemu moja kwa sababu haiji kwenye mtihani: kwamba zote unazipata kwa mama. Baba hachangii kitu hapo. Nadhani ungependa kujua hilo.

Juzi nilimwambia mama yako kwamba nitakuandikia. Nilidhani atakataa. Alikuwa anapiga pasi sketi zako. Akasema, "Mwandikie. Lakini uandike na jina lake. Nyumba hii haijalitaja tangu nirudi."

Ni kweli. Umesikia siku zote tukisema kaka yako, marehemu, yule wa kwanza. Hata kwenye barua hii nimefika hapa bila kulitaja.

Aliitwa Otmar. Alikuwa na miaka sita. Mama yako amenisimulia juzi, nami sikuwa nimewahi kumuuliza, kwamba asubuhi uliyozaliwa kiwiko chake kilikuwa kinamuuma na walimkataza kukubeba. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akasema awekewe mapajani basi. Wakakuweka. Walipotaka kukuchukua akawaambia wasubiri kidogo, bado anakuangalia.

Baba yako